Gari la Mama, Ufundi wa Kijana



Barua tuliyoichagua juma hili imetoka kwa mama mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Meru, na makazi yake ni upande wa Makutano. Mumewe hufanya biashara ya nguo mjini Embu na hurejea nyumbani mwisho wa juma. Gari la nyumba ni moja tu, Subaru Legacy B4 yenye tabo: gari la saluni, lenye mbio, na la otomatiki. Mwenye kuliendesha kila siku ni mama. Kwalo huwapeleka watoto shule, humpeleka mkwewe kliniki, na kila mwezi huteremka nalo hadi Embu.

Kwa miezi mitatu sasa giaboksi ya gari hilo hushtuka inapohama kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Mwanawe wa kwanza, kijana wa miaka 22 aliyemaliza mafunzo ya umakanika, anasema dawa ni moja: kuing'oa giaboksi ya otomatiki papo hapo uani na kutia ya gia za mkono. Vipuri vipo, kwani ami yake wa Embu anayo Legacy ya gia za mkono iliyopata ajali na kulala. Baba ameridhia. Mama hajaridhia, naye anauliza: "Nikikataa, je, nitakuwa nimemvunja moyo mwanangu? Na nikikubali, nitakuwa nimeidhulumu nafsi yangu na wadogo zake?"

Kabla ya kujibu nimewauliza mafundi wawili, mmoja wa Embu na mmoja wa hapa Mombasa, ambao wote wamekwisha kuifanya kazi hii kwa mikono yao. Waliyonieleza nayapanga hapa kwa kirefu, kwa sababu moja. Mara nyingi mama hunyamazishwa katika mazungumzo ya magari kwa kuambiwa kwamba hayajui. Basi na ayajue kwanza, kisha aseme.

Mapenzi ya gia za mkono

Asimdhanie mwanawe kuwa na wazimu. Vijana wa Meru na Embu wamekulia katika miteremko ya Mlima Kenya, ambako dereva hupimwa kwa jinsi anavyoipanda na kuishuka milima. Wamewaona madereva wa Hilux za miraa zinazotoka Maua na Nyambene kuuwahi usiku wa Nairobi kabla majani hayajanyauka, na magari hayo ni ya gia za mkono. Na jina la Subaru lina heshima yake tangu zama za Safari Rally. Wazee wanakumbuka kuwa mwaka 1993 dereva Patrick Njiru aliimaliza safari ile ngumu kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 658, ilhali magari makubwa kadhaa yaliachwa njiani.

Tena kijana anayo hoja. Giaboksi ya otomatiki ikifa, gharama yake huumiza, na ile ya kununua iliyotumika huenda nayo ikawa imekaribia kufa. Giaboksi ya mkono ni rahisi kueleweka na mafundi wengi wanaimudu. Klachi ikiisha, hubadilishwa klachi, na gari huendelea. Haya ni kweli na tusiyapinge.

Lakini kuna swali linalotangulia: giaboksi ya mama imekufa kweli, au inaugua tu? Fundi wa Embu aliniambia kuwa magari mengi anayoletewa yang'olewe giaboksi hayajawahi kubadilishwa mafuta ya giaboksi tangu yaliposhuka bandarini kwetu Mombasa. Mafuta hayo yakiwa mapya huwa mekundu na safi. Yakiwa meusi na yenye harufu ya kuungua, giaboksi imekwisha kuumia ndani. Lau yamechafuka tu, au lau kosa liko katika zile vali ndogo za umeme zinazoelekeza mafuta, tiba yake ni ndogo mno kuliko kung'oa. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kulipeleka gari kwa fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya giaboksi, asiyekuwa na hamu ya kuuza wala kununua giaboksi, na kumlipa kwa uchunguzi huo peke yake. Kushtuka kati ya gia ya pili na ya tatu ni dalili. Bado si hukumu.

Kinachotoka na kinachoingia

Katika gari la otomatiki, injini haikushikana na giaboksi kwa chuma. Baina yao kuna chombo cha mviringo kilichojaa mafuta, ambacho mafundi hukiita toki konvata. Injini huyazungusha mafuta, nayo mafuta huizungusha giaboksi. Ndiyo maana gari husimama kwenye taa huku injini ikinguruma na lisizime. Gia zenyewe huchaguliwa na kompyuta kwa kufungua na kufunga njia za mafuta.

Katika gari la gia za mkono, mahali pa chombo hicho huwekwa flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma, na juu yake sahani ya klachi inayobanwa na springi. Mguu wa kushoto ukikanyaga, sahani huachia. Mguu ukiinuka, sahani hushika. Yote yaliyokuwa yakifanywa na mafuta na kompyuta sasa hufanywa na mguu na mkono wa dereva.

Yako magari ambayo mabadiliko haya ni mepesi zaidi. BMW M3 ya miaka ya 2001 hadi 2006 iliuzwa pia na mfumo uitwao SMG, ambao giaboksi yake ni ile ile ya mkono yenye gia 6, ila pampu ya mafuta ndiyo iliyokuwa ikiibonyeza klachi badala ya mguu. Wenye magari hayo huko Ulaya na Marekani wakiiondoa pampu na kuweka kanyagio la tatu, huwa kama waliorudisha kilichopunguzwa. Legacy ya mama haiko hivyo. Otomatiki yake ya gia 5 na giaboksi ya mkono ni viungo viwili mbalimbali, kila kimoja na mwili wake, nyaya zake na mafuta yake. Anachokitaka kijana ni kukitoa kiungo kizima na kupandikiza kingine.

Kazi yenyewe

Kazi huanza kwa kuondoa waya wa betri, kuliinua gari, na kumwaga mafuta ya giaboksi. Hufuatia kufungua ekzosi, propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, na akseli za mbele. Kisha hufunguliwa bolti zinazoifunga toki konvata na injini, kupitia kitundu kidogo cha juu, moja baada ya nyingine huku injini ikizungushwa kwa mkono. Hapa wanagenzi wengi huharibu. Toki konvata yapasa itoke pamoja na giaboksi. Ikibaki nyuma kwenye injini, mihuri na pampu ya ndani huvunjika, na giaboksi ambayo ingeweza kuuzwa huwa chuma chakavu.

Baada ya hapo hufungwa flaiwili, beringi yake ndogo ya katikati, sahani ya klachi iliyolinganishwa sawasawa, na kifuniko chake. Fundi yeyote mwenye akili hununua klachi mpya katika hatua hii, kwa sababu kuitia iliyotumika ni kujiandikia kazi ile ile mara ya pili. Kwa gari la tabo, klachi hiyo iwe ya kiwango cha injini ya tabo. Ile ya injini ya kawaida huteleza gari likiombwa nguvu mlimani.

Ndani ya gari, kanyagio pana la breki hutolewa na kuwekwa kanyagio mbili, ya klachi na ya breki. Hutobolewa njia ya silinda kuu ya klachi, na bomba lake hushushwa hadi kwenye giaboksi. Mabomba mawili yaliyokuwa yakipeleka mafuta ya otomatiki kupozwa kwenye rejeta huzibwa vizuri. Chini hubadilishwa daraja la chuma linaloibeba giaboksi, na propela shafti hupimwa urefu, kwani ya otomatiki si lazima ilingane na ya mkono.

Kisha kuna jambo ambalo mafundi wote wawili walilirudia bila ya kuulizwa. Subaru hii huvuta kwa magurudumu manne, na difu yake ya mbele imo ndani ya giaboksi. Difu ya nyuma iko peke yake. Uwiano wa mbili hizi lazima ukubaliane. Ikiwa giaboksi mpya inazungusha magurudumu ya mbele kwa uwiano wa 4.11 na difu ya zamani imebaki nyuma na 4.44, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yakitofautiana kwa takriban asilimia 8 kila yanapozunguka. Gari litatoka uani na kila mtu atashangilia. Baada ya muda mfupi litaanza kuvutana lenyewe kwa lenyewe, chuma kitapata moto, na kitu kitavunjika. Basi ikichukuliwa giaboksi ya gari la ami, na difu yake ya nyuma ichukuliwe pamoja nayo.

Mwisho ni nyaya. Kompyuta ya gari ilizoea kuzungumza na giaboksi ya otomatiki. Isipoikuta itawasha taa za onyo na huenda ikaizuia injini isitoe nguvu zake. Swichi ya taa ya rivasi, sensa ya mwendo na alama ya gia huru zote zahitaji kuunganishwa upya. Fundi wa Mombasa alinambia kwamba kwake kazi ya chuma ilichukua siku tatu, na ya nyaya ikachukua majuma mawili.

Palipo na watoto

Mama amesema kazi itafanywa uani, na uani ndipo watoto wachezapo. Kwa hiyo mambo manne nayataja kwa nguvu.

Kwanza, gari lililoinuliwa lisisimame juu ya jeki peke yake, wala juu ya mawe au matofali. Matofali hupasuka bila ya kuonya. Zitumike stendi za chuma kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, na giaboksi, ambayo uzito wake hufikia ule wa mtu mzima na pengine kuuzidi, ishushwe kwa jeki ya giaboksi na watu wawili. Asiingie mtu chini ya gari akiwa peke yake nyumbani.

Pili, iko njia ya mkato wanayoipenda wanagenzi. Gari la otomatiki halikubali kuwaka ila likiwa kwenye P au N. Giaboksi ikishaondolewa, kinga hiyo hupotea, na fundi huunganisha nyaya mbili ili gari liwake. Tangu siku hiyo gari huwaka hata likiwa ndani ya gia, na likiwashwa hivyo huruka mbele. Mtoto akicheza na ufunguo, au mama akasahau, na mtu amesimama mbele ya gari, ni nani atakayeijibia damu hiyo? Badala ya mkato huo ifungwe swichi ya klachi, ili gari lisiwake mpaka kanyagio liwe limekanyagwa hadi chini. Ni kifaa kidogo, na katika gari la ami tayari kimo.

Tatu, herufi P huondoka. Katika otomatiki kuna jino la chuma linaloifunga giaboksi gari likiegeshwa. Katika gari la gia za mkono hakuna. Kilichobaki ni breki ya mkono, pamoja na desturi ya kuliacha gari ndani ya gia. Kwa vile wenye otomatiki wengi hawaitumii breki ya mkono, huwa imelegea au imeshikana kwa kutu. Katika mji wa miteremko kama Meru, breki hiyo ifunguliwe, isafishwe, ivutwe sawasawa na ijaribiwe kilimani kabla gari halijaegeshwa mahali popote penye watu.

Nne, mafuta ya zamani yasimwagwe shambani wala mtaroni. Mitaro ya Meru huishia Mto Kathita, na ya Embu huishia Rupingazi, na wapo watu wanaokunywa huko chini. Yatiwe katika madumu na yapelekwe gereji wanakoyakusanya.

Leseni, kitabu cha gari na bima

Hapa ndipo nilipostaajabu kwamba nyumba nzima ilijadili vipuri na haikujadili leseni. Mama ameandika kuwa leseni yake ni ya daraja la B1. Kwa utaratibu wa NTSA, B1 ni ya gari dogo la otomatiki. Gari la gia za mkono lataka B2. Maana yake ni kwamba siku kijana atakapofunga bolti ya mwisho, mama aliyekuwa akiliendesha gari hili kila siku atakuwa hana ruhusa ya kulitoa hata nje ya lango. Watoto watapelekwa shule na nani? Mkwe atapelekwa kliniki na nani? Kijana mwenyewe, pengine. Mpaka siku atakapopata kazi Nairobi.

Kitabu cha gari nacho kitazamwe. Ikiwa giaboksi peke yake ndiyo itakayohamishwa, namba ya injini itabaki ile ile. Lakini vijana wengi, wakiona injini na giaboksi ya gari la ajali zimeshikana, huona wepesi kuzihamisha zote mbili kwa pamoja. Hapo namba ya injini haitalingana tena na iliyoandikwa, na sheria humtaka mwenye gari aiarifu mamlaka ya usajili. Asipofanya hivyo, siku ya kuliuza au siku ya kusimamishwa barabarani atashukiwa kuwa na mali ya wizi, na kuthibitisha kinyume chake si kazi nyepesi. Ami naye aandike waraka wa kuuza au kutoa vipuri vyake, wenye tarehe, sahihi na namba za gari lililotoa. Udugu hauondoi maandishi. Maandishi huulinda udugu.

Bima kadhalika. Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni yake kabla ya mabadiliko, kwa sababu kuficha badiliko kubwa la gari huwapa sababu ya kukataa kulipa.

Barabara ya Meru kwenda Embu

Baba, kwa mujibu wa barua, ameridhia kwa hoja ya usalama: kwamba gari la gia za mkono ni salama zaidi kwenye miteremko kwa kuwa injini hulizuia. Hoja hii ina nusu ya ukweli.

Barabara itokayo Meru kupitia Nkubu, Igoji, Chuka na Runyenjes hadi Embu huyakata mabonde ya mito mingi iteremkayo kutoka mlimani. Kila bonde lina mteremko mrefu, kona, daraja, na mpando. Anayeteremka kwa breki peke yake huzipasha moto mpaka zinaacha kushika. Bonde la Nithi limechukua roho nyingi. Sisi wa Pwani hatujasahau Julai 2022, pale basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilipoporomoka katika daraja la Nithi na kuua zaidi ya watu 30. Waliokuwa wakisubiriwa huku hawakufika.

Kwa hiyo ni kweli kuwa mteremko hushukwa kwa gia nzito, na breki huwa msaidizi. Lakini otomatiki ya Legacy ya tabo nayo humruhusu dereva aiamuru gia: mkono husogezwa pembeni, na gia ya tatu au ya pili huteuliwa na kubakia. Aijuaye njia hii hushuka Nithi kwa utulivu ule ule wa mwenye gia za mkono. Na asiyejua klachi, akilazimishwa kuondoka kwenye mpando huku lori limesimama nyuma yake, atarudi nyuma au ataichoma klachi. Usalama uko katika ujuzi wa dereva na uzima wa breki. Aina ya giaboksi huja baadaye sana. Fedha zitakazotoka mwezi huu, kama ni za usalama, na zianze kwa pedi, diski, mafuta ya breki na tairi nne zilizo sawa. Gari la kuvuta kwa magurudumu manne halitaki tairi mpya mbele na chakavu nyuma. Na likiharibika njiani, lisivutwe huku magurudumu mawili yameinuliwa. Libebwe zima juu ya lori.

Rai yetu

Sasa nirudi kwenye swali. Ukhti, ukikataa gari lako lisigeuzwe hutakuwa umemvunja moyo mwanao. Umevunja moyo wa mtu pale unapoidharau kazi yake, na wewe hukuidharau. Gari la nyumba ni amana ya wote, na katika amana mwenye kuitumia kwa ajili ya wengine ana kauli ya kwanza. Anayeushika usukani kila asubuhi huku amebeba watoto wa watu watatu nyuma yake hawezi kupewa habari tu kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa. Baba aliridhia kwa haraka, na yafaa akae nawe tena mshauriane, mkiwa na makadirio ya gharama mkononi: klachi mpya, flaiwili, difu, propela shafti, kanyagio na silinda, nyaya na kompyuta, pamoja na siku ambazo nyumba haitakuwa na gari. Mkishaijumlisha hesabu hiyo, ilinganisheni na mambo mawili: gharama ya kuitengeneza otomatiki, na gharama ya kuliuza gari hili likiwa zima na kununua lililotoka kiwandani na gia za mkono. Mafundi wote wawili walinambia kuwa mara nyingi hesabu hiyo peke yake humaliza mjadala.

Lakini kukataa peke yake hakutoshi. Kijana wa miaka 22 aliyejifunza ufundi na asiyepewa kitu cha kufanyia atautafuta uwanja mahali pengine, na mahali pengine aghalabu ni barabarani usiku pamoja na wenziwe. Basi ninapendekeza hivi.

Na aende Embu kwa ami yake. Lile gari la ajali lililolala ndilo chuo chake. Aishushe giaboksi yake kwa utaratibu, aifungue klachi, asafishe, apime uwiano wa difu ya mbele na ya nyuma, aandike kila waya na kazi yake, atie klachi mpya na kuifunga tena. Hiyo ni nusu ya kazi nzima, nayo haimtii mtu yeyote hatarini wala haimkoseshi mtoto shule. Na likitokea kuwa bodi la gari lile lingali lanyooka, pengine atagundua kuwa hakuna haja ya kuyavunja magari mawili ili kupata moja: gari la gia za mkono analolitaka tayari lipo, lataka kufufuliwa tu. Akilifufua, likakaguliwa na likapata karatasi zake, nyumba itakuwa na magari mawili na fundi mmoja.

Wakati huo huo, giaboksi ya mama ichunguzwe na itibiwe. Na mama, ikiwa moyo wake unataka, ajifunze gia za mkono katika chuo cha udereva na aipate B2. Si kwa sababu kijana ameshinda. Ni kwa sababu katika barabara zile ni jambo la kheri mama kuweza kuliendesha gari lolote atakalolikuta siku ya dharura.

Ikiwa baada ya yote hayo otomatiki imethibitika kufa, hesabu imefanywa, mama ana leseni yake, na yeye mwenyewe amesema kwa ulimi wake "ndiyo", basi na ligeuzwe, kwa masharti tuliyoyataja: stendi za chuma, difu mbili zinazokubaliana, swichi ya klachi, breki ya mkono iliyo hai, karatasi zilizo sawa, na fundi mzee wa kuikagua kazi kabla gari halijabeba mtoto hata mmoja. Safari ya kwanza iwe ya kijana na fundi huyo, wakizunguka mtaani polepole. Bonde la Nithi lingoje.

Na kijana, maana najua mama atakusomea haya: fundi hasifiwi siku gari linapotoka uani likinguruma. Husifiwa mwaka wa pili, pale mama yake anapolitia ufunguo alfajiri, likawaka, akawapakia wadogo zako akaenda zake, na wala asikumbuke kwamba chini yake kuna kazi ya mkono wako.

Wenye barua nyingine za mambo ya nyumbani na watuletee kupitia wasambazaji wa jarida. Majina tutayahifadhi kama kawaida yetu.

Wabillahi tawfiq.